Dakika Saba za Makangale

Safari ile, sekunde ya mia mbili kumi na mbili,
mstari wa kijani ulilala chali kwenye kioo.
Nikadhani jenereta. Nikampigia ukelele Vuai,
"Mafuta!" na mafuta yalikuwamo.
Nikadhani dishi. Nikadhani popo wa Ngezi.
Nilishuku kila kilicho karibu nami
kabla ya kushuku kilichokuwa juu.

Wachunguzi walikuja, wakavua viatu mlangoni,
wakazunguka na soksi siku tatu,
wakauchukua mstari wangu uliolala
kama wanaochukua damu ya mgonjwa kwenda kupima.
Jawabu lilirudi kwa barua ya ukurasa mmoja:
mpira wa vali. Wa duara. Unaingia kidoleni kama pete.
Ulikakamaa kwa baridi, ukaacha upenyo
usiopitisha hata uzi wa kushonea kofia,
na setilaiti mbili za watu, zilizokwisha kulipiwa,
zikawa cheche juu ya maji yasiyo na mwenyewe.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,"
meneja aliandika ubaoni kwa chaki nyekundu.
Sawa. Lakini mhunzi wa Konde
koleo likimvunjikia huazima la jirani.
Sisi tuazime kwa nani?
Wateja waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu,
kama wageni wa karamu ambayo wali umeungua:
tumeshiba, ahsanteni, Mungu awazidishie,
na matumbo yananguruma hadi barabarani.
Mtu wa bima alitaja bei, akakohoa,
akataja nyingine.

Miezi kumi na tisa.
Vuai alipunguziwa siku, mimi mshahara.
Jioni nikifundisha hesabu skuli ya Tumbe,
na kila Jumatano nikilifuta dishi vumbi,
dishi lisilosikiliza kitu,
kama mtu anayetandika kitanda cha aliyesafiri.

Usiku huu umerudi, we roketi.
Sisemi ile ya majaribio, uliyobeba mchanga.
Ile ilipaa Mfunguo Sita, ikafika, tukapiga makofi,
lakini mchanga haumkoseshi mtu usingizi.
Leo umebeba mali ya Bi Zuwena Mbarouk wa Wete,
mpima mvua,
ambaye moja kati ya zile mbili ilikuwa yake.
Walimuuliza: huogopi? Kuna roketi nyingine, safi,
haijawahi kuanguka hata mara moja.
Akajibu huku akitafuta kalamu mkobani:
"Hii nimeshajua inapovuja.
Hiyo nyingine sijui."
Akatia saini.

Saa tisa na robo, kiza cha Makangale kizito,
chai imepoa na ngozi juu yake.
Mstari ukainuka.
Sikumwita Vuai; alikuwa keshasimama mlangoni
na dumu la mafuta mkononi, la tahadhari,
kama kwamba angeweza kukurushia huko uliko.
Mia mbili na kumi.
Kumi na moja.
Pete ya mpira, ile waliyotuachia ya mfano,
niliizungusha kidoleni mpaka ngozi ikawaka.
Kumi na mbili.

Kumi na tatu.
Nambari hii sijapata kuiona.
Nilimaliza chuo, nafundisha watoto kuhesabu,
na sikujua kwamba baada ya kumi na mbili
huja hii, nyembamba, ya kijani,
inatetemeka lakini inakwenda.

Dakika ya saba ukazama upande wa mashariki.
Kuzama si kuzimika. Sasa najua tofauti:
anayezama huaga, sauti hupungua kidogo kidogo,
na kuna kituo kingine mbele kinachompokea.
Kama mzigo ulishushwa salama, watatuambia wao.
Yetu ni dakika saba.

"Basi?" akauliza Vuai.
"Basi."
"Hivyo tu?"
Akaliweka dumu chini. Mkono ulikuwa umemganda kwenye mpini.
Nikafungua daftari, nikaandika saa, nikaandika muda,
na kwenye safu ya hitilafu
nikakaa kitambo na kalamu hewani
kabla ya kuandika: hakuna.